Penseli, nukta za wino, simu au kishikwambi: uchore visukuku vya baharini kwa njia ipi?

Ukiwa Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu na unataka kuwaelewa viumbe wa bahari za kale kwa kuchora visukuku vyao, yaani mabaki yao yaliyogeuka jiwe, kabla hujauliza ununue penseli gani, jiulize utachora nini. Huku Nyanda za Juu Kusini bahari za kale hazikuacha kitu chini ya miguu yetu. Kuna miamba migumu ya kale iliyopikwa na joto, kuna lava na majivu ya Rungwe, na mabondeni kuna mashapo ya mito na maziwa. Bonde la Rukwa limetoa dinosau Rukwatitan na Shingopana, na pia Rukwapithecus, jamaa wa kale wa masokwe; wote hao ni wa nchi kavu. Hata mawe ya chokaa ya Songwe yanayotengenezewa saruji yaliachwa na chemchemi za maji moto, kwa hiyo usipoteze Jumamosi nzima ukipasua mawe hayo kutafuta amonaiti, wale jamaa wa kale wa ngisi wenye gamba la kujiviringisha.

Visukuku vya baharini vya Tanzania viko ukanda wa pwani. Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba dinosau kati ya 1909 na 1913, tabaka za mifupa zinapishana na tabaka za bahari zenye amonaiti, belemnaiti (jamaa mwingine wa kale wa ngisi) na makombe mazito ya Trigonia. Mtu wa huku juu kwa kawaida atachora kimoja kati ya vitu vitatu: nakala ya plasta au resini, kipande halisi kilichotunzwa kwenye kabati la shule au chuo, au picha. Hilo peke yake linaamua nusu ya uchaguzi wa njia. Ukienda pwani, kumbuka kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kuchimba bila kibali. Unachoweza kurudi nacho ni mchoro, na mchoro mzuri unatosha.

Tumeziweka njia nne kwenye mizani moja: inakulazimisha kuona nini, inakuficha nini, inakula muda gani, na mvua ya Tukuyu au umeme kukatika vinaifanya nini. Uzuri wa picha ukutani hatukuupima.

Penseli na bikari

Hii ndiyo njia tunayoiweka mbele, wala si kwa sababu ya bei. Penseli na bikari ya ncha mbili zinakataa kukupa umbo mpaka umelipima. Njia nyingine tatu zinakuruhusu kuchora kitu ambacho hukukiangalia.

Vifaa ni vichache: penseli ya 2H kwa mistari ya awali, HB kwa mistari ya mwisho, 2B kwa vivuli tu na kwa uchache. Karatasi iwe ya gramu 160 au zaidi. Manila nyeupe upande wake laini inafaa. Ile A4 ya gramu 80 ya fotokopi huchubuka ukiifuta mara ya pili, na kila mchubuko baadaye utafanana na ufa wa jiwe. Bikari iko kwenye mkebe wa hesabu wa mwanafunzi yeyote, ila toa kipande cha penseli na uweke sindano pande zote mbili; ukikosa sindano ya pili, kunja karatasi ngumu iwe kama rula na uweke alama za urefu ukingoni mwake. Kalipa (kipimio chenye taya mbili) ya plastiki inatosha. Ya chuma inaweza kukwaruza kisukuku cha chokaa.

Chukua amonaiti yenye kipenyo cha milimita 80. Ilaze upande, mdomo ukitazama juu. Pitisha mstari mmoja katikati ya mviringo, kutoka ukingo wa mdomo hadi ukingo wa upande wa pili, kisha pima vitu vitatu juu ya mstari huohuo: urefu wa mzunguko wa mwisho upande wa mdomo (tuseme 30), upana wa kitovu, yaani lile bonde la katikati (29), na urefu wa mzunguko upande wa pili (21). Jumla ni 80. Isipotimia, basi hukupita katikati, au kalipa iliinama. Usichore chochote kabla jumla haijakubali. Ukigawanya kitovu kwa kipenyo, 29 kwa 80, unapata asilimia 36, na tayari umejua jambo la kimaumbile: hii ni amonaiti ya kitovu kipana ambayo mizunguko yake ya zamani inaonekana. Ingekuwa asilimia 10, mzunguko wa mwisho ungekuwa umeimeza karibu yote iliyotangulia.

Baada ya hapo tafuta kitovu chenyewe, pale gamba lilipoanzia. Si katikati ya kipenyo! Kwenye mfano huu kiko kama milimita 47 kutoka ukingo wa mdomo na 33 kutoka upande wa pili, maana gamba linapanuka kadiri linavyozunguka. Anayeweka kitovu katikati kabisa huishia na duara ndani ya duara, kama pete za shina la mti, na hakuna konokono wala ngisi aliyewahi kukua hivyo. Kutoka kitovuni chora miali minane, kila nyuzi 45, pima kila mwali mpaka ukingo wa nje, weka nukta, kisha unganisha. Mstari wa mzingo utakuja wenyewe.

Sasa hesabu matuta ya gamba kwenye nusu ya mzunguko wa mwisho. Hesabu mara mbili, uandike idadi pembeni. Tazama kama tuta linagawanyika kuwa mawili, na kama ni hivyo linagawanyika kwenye theluthi ipi ya urefu. Tazama kama linavuka ukingo wa nje au linaishia kabla. Mtaalamu anapotofautisha spishi, haya ndiyo anayoyatazama, na kamera haiyahesabu kwa niaba yako.

Halafu kuna mistari ya mshono, ile iliyojikunja kama majani ya giligilani. Huonekana pale tu gamba la nje lilipokwisha na kubaki jiwe lililojaza ndani yake. Kila mstari ni mahali ukuta wa chumba kimoja ulipoungana na gamba. Fuata mishono kuelekea mdomoni mpaka ule wa mwisho. Kuanzia hapo mbele hakuna kuta tena, na hicho ndicho chumba alimoishi mnyama mwenyewe. Nyuma yake vyote vilikuwa vyumba vya kumsaidia kuelea, vikiunganishwa na kijibomba chembamba kinachopita karibu na ukingo wa nje wa gamba. Kwa nautilasi, ambaye bado yuko hai, bomba hilo hupita karibu na katikati ya kuta na mshono wake ni mpindo mpole tu. Weka alama ndogo kwenye mshono wa mwisho na mshale unaoelekea mdomoni. Mchoro usio na alama hizo ni picha ya jiwe, mnyama hayumo. Kama gamba linafikia mdomo halisi au limevunjika kabla, sema hivyo kwa maneno pembeni.

Yanayoharibika kwa penseli ni matatu. La kwanza ni kiganja kuburuta grafiti: weka kipande cha karatasi chini ya mkono, na uchore kutoka kushoto kwenda kulia (mtu wa mkono wa kushoto afanye kinyume). La pili ni kivuli kingi. Kivuli kinavutia macho ya mgeni lakini kinafunika mishono, kwa hiyo chora mishono yote kwanza, kivuli baadaye, na ukiwa na shaka acha kivuli. La tatu ni mwanga, nalo ndilo linalopotosha zaidi.

Kanuni ya wachoraji wa visukuku ni mwanga utoke juu kushoto, ukiwa chini chini, kama nyuzi 30 kutoka mezani. Mwanga ukibadilika katikati ya kazi, matuta ya saa tatu yanakuwa mabonde saa nane. Kwa anayetegemea dirisha, jiografia yetu inasaidia ukiijua: Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini, na dirisha la kusini linakupa mwanga mtulivu siku nzima. Kuanzia katikati ya Oktoba mambo yanageuka. Hamia dirisha la kaskazini. Taa ya mezani inaondoa tabu hiyo yote, umeme ukiwepo.

Muda wake ni saa moja na nusu hadi mbili kwa amonaiti ya ukubwa wa kiganja, vipimo vikiwemo.

Anayedhani mchoro wa haraka wa penseli ni kazi ya watoto akumbuke Desemba 1938. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London huko Afrika Kusini, alipata samaki wa ajabu mwenye urefu wa mita moja na nusu, akamchora harakaharaka na kumtumia mchoro huo mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith, kwa posta. Mpaka Smith anafika kumwona, viungo vya ndani vya samaki vilikuwa vimeshatupwa kwa kuoza. Lakini mchoro ulikuwa na mapezi yanayosimama juu ya vikonyo kama miguu, mkia wenye ncha ya ziada katikati, na magamba mazito. Smith alimtambua: silikanti, samaki aliyejulikana kwa visukuku tu na kudhaniwa amekwisha pamoja na dinosau miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 2003 silikanti akanaswa na wavuvi wa hapahapa Tanzania, Songo Mnara, Kilwa. Mchoro ule haukuwa na kivuli cha maana hata kimoja. Ulikuwa na sehemu za mwili, kila moja mahali pake.

Nukta za wino

Nukta ni njia ya pili, na ya kuifuata tu kama mchoro utachapwa au kutolewa nakala. Sababu ni ya kimashine: fotokopi haijui kijivu. Penseli laini ikipita kwenye mashine ya steshenari inatoka na madoa meusi au inapotea kabisa, ilhali nukta nyeusi inabaki nukta nyeusi. Mwalimu anayeandaa mtihani wa muhula kwa nakala 200 hana njia bora kuliko hii.

Inaanzia kwenye mchoro wa penseli uliokamilika. Usianze na wino kamwe. Chora mara mbili ya ukubwa unaotakiwa, kisha ipunguzwe kwa nusu, maana kupunguza kunaficha mikono inayotetemeka. Lakini hapo pana mtego: nukta ya kalamu ya milimita 0.1 ikipunguzwa nusu inakuwa 0.05, na mashine nyingi zinaimeza. Tumia 0.3 kwa nukta na 0.5 kwa mstari wa nje. Kalamu isimame wima. Ukiilaza, nukta inakuwa mkia wa mkato, na mikato ikielekea upande mmoja jicho linaisoma kama manyoya. Nukta zisigusane. Giza linaongezwa kwa kusogeza nukta karibu karibu, si kwa kuzinenepesha, na kuanzia pale penye giza zaidi kuelekea kwenye mwanga.

Inachokulazimisha kuona ni mteremko. Kila nukta unaamua: hapa gamba linainama au bado? Kwa hiyo inafundisha vizuri umbo la vitu vyenye mbonyeo laini, kama makombe ya chaza na kichwa cha trailobaiti (mnyama wa bahari za kale mwenye gamba la vipandevipande). Mishono ya amonaiti inaifundisha vibaya, maana mshono ni mstari, na mstari uchorwe kwa mstari.

Kinachofichwa ni uvunjifu. Ukishakaa saa nne ukidondoa, mkono unapata mwendo wake na unapita juu ya sehemu iliyomeguka kana kwamba iko nzima. Jiwekee kanuni kabla hujaanza: palipomeguka pabaki peupe au pawekwe mistari myembamba ya mshazari, umbo unalolikisia nje ya kipande lichorwe kwa mstari wa kukatika-katika. Msomaji lazima aweze kutenganisha jiwe na maoni yako.

Muda: saa sita hadi kumi kwa kisukuku kilekile. Katika msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, karatasi ya Tukuyu au Kyela inanyonya unyevu hewani na nukta inasambaa pembeni kama tone la chai. Tunza karatasi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, toa moja moja, na usitumie peni ya kawaida (bolpeni). Wino wake una mafuta, unavuja taratibu na kugeuka rangi. Ukikosea hakuna kufuta. Rangi nyeupe ya kuzibia inatosha kwa nakala, ingawa mchoro wa asili utabaki na kovu.

Kwa habari ya wino, wachoraji wa kisukuku wana hadithi moja wasiyochoka nayo. Kule Lyme Regis, Uingereza, miaka ya 1820, mtafuta visukuku Mary Anning aligundua kwamba baadhi ya belemnaiti wamebaki na mfuko wa wino uliokauka, kama wa ngisi. Rafiki yake Elizabeth Philpot alisaga wino huo, akauchanganya na maji, na akauchorea visukuku vya iktiosauri, watambaazi wa baharini wenye umbo kama la pomboo, waliotoka katika miamba hiyohiyo.

Picha ya simu na karatasi ya kufuatishia

Ni njia ya haraka kuliko zote: dakika 40 unamaliza. Inafaa kwa vitu bapa tu, yaani samaki aliyebanwa kwenye bamba la jiwe, krinoidi (yungiyungi wa bahari), iktiosauri mzima ukutani. Kwa amonaiti nene inadanganya, na udanganyifu wake unahesabika.

Tuseme umeweka rula mezani, simu iko sentimita 30 juu ya meza, na ukingo wa kisukuku umeinuka sentimita 3. Ukingo huo uko sentimita 27 kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo utaonekana mkubwa kwa 30 kwa 27, yaani asilimia 11 zaidi ya rula inavyosema. Amonaiti yako ya milimita 80 imeshakuwa karibu 89. Inua simu mpaka mita moja, vuta picha kwa zumu, na kosa linashuka hadi asilimia 3 hivi. Bora zaidi, iinue rula yenyewe juu ya kiberiti au vitabu mpaka ilingane na kimo cha sehemu unayoipima. Simu iwe sambamba na meza. Programu ya pima maji iliyomo kwenye simu nyingi inasaidia, au weka simu juu ya ukingo wa meza ndogo na kisukuku sakafuni.

Hatari ya pili iko steshenari. Kompyuta ya mchapishaji ina tabia ya kunyoosha picha ijaze ukurasa. Pima rula iliyomo ndani ya picha iliyochapwa: milimita 50 zisome 50 kwa rula yako. Zikisoma 46, hesabu zako zote zina kosa la asilimia 8 kabla hujashika kalamu. Kwa kioo cha kufuatishia, dirisha la mchana linatosha.

Hatari ya tatu ndiyo mbaya kwa anayejifunza maumbile. Kwenye picha, rangi na umbo vinafanana. Doa la kutu kwenye chokaa linaonekana kama mshono, na ufa ulioingia baada ya mnyama kuwa jiwe unaonekana kama kiungo. Ukishika jiwe lenyewe, ukucha unakwambia papo hapo kama kuna mfereji au hakuna. Kwa hiyo fuatisha ukiwa na jiwe pembeni, si siku tatu baadaye nyumbani. Kipande kigumu cha chokaa unaweza kukilowesha kidogo kwa brashi ili mishono ijitokeze. Usithubutu kufanya hivyo kwa kisukuku kilicho ndani ya udongo mgumu, kitabomoka mkononi, wala kwa plasta.

Kishikwambi

Kishikwambi na kalamu yake kina sifa moja isiyopatikana kwingine: tabaka. Weka picha chini kabisa, juu yake tabaka ya unachokiona, juu yake tabaka ya unachokitafsiri, juu kabisa majina ya sehemu. Programu za bure kama Krita zinatosha. Faida hii ni kubwa kuliko inavyosikika, na iktiosauri anaonyesha kwa nini. Mifupa ya mkia wake ina kipindo cha ghafla kuelekea chini. Kwa mifupa peke yake mtu angeweza kunyoosha mkia akidhani ulivunjika baada ya kifo, na pezi la mgongoni hangelichora kabisa kwa sababu halikuwa na mfupa. Mpaka vilipopatikana vielelezo vya Holzmaden, Ujerumani, vyenye kivuli cha ngozi kuzunguka mifupa, katika miaka ya 1890, ndipo ilipoonekana wazi kwamba kipindo kile kilishika nusu ya chini ya mkia wenye umbo la mwezi mwandamo, na kwamba mgongoni kulikuwa na pezi. Ukiwa na tabaka mbili, tafsiri inafutwa na uchunguzi unabaki. Kwenye karatasi moja vyote viwili vinakufa pamoja.

Kuna mengi ya kukiogopa, hata hivyo. Kukuza picha kunaua uwiano: mtu anakaa nusu saa ndani ya mshono mmoja kwa ukubwa mara nane, akirudi nje mshono uko mrefu kuliko jirani zake. Kile kisaidizi cha kunyoosha mstari kinageuza meno ya mshono kuwa mawimbi laini, na meno ndiyo yanayotofautisha amonaiti na ndugu zake wa zamani. Kizime. Kwa michoro ya kuchapwa anza na nukta 600 kwa inchi. Ukurasa wa A4 hapo ni pikseli 4960 kwa 7016, na kishikwambi cha bei nafuu kitaanza kusinzia kwenye tabaka ya tano. Punguza eneo, chora kisukuku bila ukurasa mzima.

Halafu kuna kitufe cha kioo, kinachochora upande wa kulia huku wewe ukichora kushoto. Kwa trailobaiti, mwenye mgawanyo wa sehemu tatu kwa mapana na pande mbili zinazofanana, kishawishi ni kikubwa. Kikatae. Trailobaiti wengi walipindwa na mgandamizo wa mwamba, na vielelezo vingi ni magamba waliyojivua walipokua, yakiwa yamepasuka kando ya mashavu. Kitufe kile kinafuta ushahidi wote huo na kukupa mdudu mpya kutoka kiwandani.

Kiumbe gani kwa njia gani

Belemnaiti ni wa penseli, bila mjadala. Unachokuwa nacho kwa kawaida ni kipande kama risasi ya bunduki, na wanafunzi wengi hudhani ni jino. Ni uzani wa nyuma wa mnyama aliyefanana na ngisi. Kichwa na mikono kumi vilikuwa upande ule mwingine, mbali na ncha. Chora pande tatu: ubavuni, tumboni, na sura ya mkato pale palipovunjika, ambapo utaona nyuzi za kalsaiti zikitoka katikati kama miali, na pete za ukuaji. Ukiona shimo la umbo la koni kwenye ncha butu, chora kina chake kwa mstari wa kukatika-katika. Humo ndimo sehemu yenye vyumba ilikaa. Nukta kwenye kitu hiki ni kupoteza wino, umbo lake halina siri.

Samaki wa bamba ni wa simu kwanza, penseli baadaye. Kabla ya kuanza, nunua sato sokoni, au samaki wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Kyela, umchemshe, utenganishe mifupa na uihesabu: pingili za uti wa mgongo, miiba ya pezi la juu, mahali pezi la tumbo lilipo ukilinganisha na la kifuani. Mkono uliowahi kushika mfupa wa shavu la sato hautauchora ule wa kisukuku kama doa.

Nakala ya plasta nyeupe ina tatizo lake: weupe unameza matuta mafupi. Ipake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikauke usiku kucha, kisha ipake rangi ya maji ya kahawia iliyo nyepesi na uifute mara moja kwa kitambaa chenye unyevu. Rangi itabaki mabondeni. Ukiruka gundi, plasta itanywa rangi yote na utakuwa umeharibu nakala ya shule.

Basi uchague ipi

Darasa la wanafunzi 40 na nakala mbili za amonaiti: penseli, bikari, na makundi ya watu watano wanaopokezana, kikundi kisichoshika amonaiti kichore sura ya mkato ya gamba la konokono wa bustanini. Mwalimu anayetaka michoro ya kutolea fotokopi: penseli, kisha nukta, na apange wiki mbili, si usiku mmoja. Mwanafunzi wa chuo anayekwenda Lindi au Kilwa kwa siku tatu: vipimo vya penseli hapohapo, picha kutoka mita moja, kishikwambi akisharudi. Mwenye kishikwambi tayari na asiye na jiwe lolote, ila picha tu, achore, lakini aelewe kwamba anajifunza picha ya mtu mwingine. Achague zenye rula ndani na zilizopigwa pande mbili au zaidi, aziache nyingine.

Njia yoyote utakayoshika, chini ya mchoro weka mstari wa skeli wenye milimita 10 zilizoandikwa kwa tarakimu. Usiandike "mara mbili", kwa sababu nakala ya kwanza ikipunguzwa maneno hayo yanakuwa uongo huku mstari ukipungua pamoja na mchoro. Nyuma ya karatasi andika kilikotoka kisukuku, namba yake ya kabati, tarehe, upande wa mwanga, na kama ulichokichora kilikuwa jiwe, plasta au picha.